Koti la kahawia, bitana nyeupe

Mlima haujaonekana, leo ni siku ya tisa. Wingu limeshuka mpaka kwenye migomba ya Rau, na tangu alfajiri kuna manyunyu yale yasiyomlowesha mtu ila yanampenya. Wateja wanaingia kibandani kwangu wamekunja mikono kwapani, na salamu ikiisha neno ni lile lile, baridi ya mwaka huu. Ni Julai, Moshi. Kwangu hakuna miezi mizuri kuliko hii, na sababu ni ndege.

Nashona nguo. Nina miaka kumi na tisa kwenye cherehani, na daftari langu la vipimo lina kazi mbili: mbele kuna mabega na viuno vya watu, nyuma kuna ndege. Ukilifungua kwa nyuma utakuta tarehe, saa, mahali na nilichokiona. Majuzi umeme ulipokatika nililipitia lote kwa taa ya simu, nikaona kurasa za Juni hadi Agosti zimejaa mpaka pembeni, wakati wapenzi wengi wa ndege ninaowafahamu hutoa darubini zao Oktoba.

Oktoba wana haki nayo. Ulaya ikianza kupoa na wadudu wakapotea, mbayuwayu wanavuka Sahara kuja kwetu, na mbayuwayu mzima ana uzito wa gramu 20 hivi, pungufu ya kibiringo changu cha uzi. Wanakaa mpaka Machi au Aprili. Korongo weupe nao wanakuja, wanatua mashambani na kutembea taratibu wakiokota panzi na viwavijeshi. Hapo ndipo ule usemi wa mgeni njoo mwenyeji apone unapokuwa kweli tupu. Zamani watu wa huko hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, akauawa korongo aliyerudi na mkuki wa Kiafrika umempitia shingoni, na hapo watu wakapata jibu. Yupo hadi leo, amekaushwa, Chuo Kikuu cha Rostock. Wanaosimulia habari yake husimulia elimu iliyopatikana. Mimi namfikiria yeye, jinsi alivyoibeba ile fimbo shingoni juu ya jangwa na juu ya bahari, akafika kwao.

Lakini hao wanakuja kwetu kuikimbia baridi. Wakifika huku ni joto. Ukitaka kumwona ndege akikabiliana na baridi yenyewe, uso kwa uso, toka nje Julai asubuhi, uwaangalie wale ambao hawana pa kukimbilia.

Nianze na wa uani kwangu, pasa. Wengine huwaita kuzumburu. Ni ndege wa rangi ya vumbi, ana kishungi kichwani na mkia mrefu mwembamba unaouzidi mwili, na kichakani anapenya kama panya. Watu hawampendi kwa sababu ya mapapai. Papai likianza tu kugeuka njano, pasa wanalitoboa upande wa juu na kula kwenda chini, wewe ukija kulichuma unashika kikombe kitupu. Hata mimi nimewahi kuwatupia maneno.

Lala yao ndiyo iliyonibadilisha. Jioni za baridi wanakuja kwenye mparachichi wangu mmoja mmoja, na kila anayefika anajibandika kwa aliyetangulia, kifua kwa kifua, wengine wananing'inia kwa wenzao, mpaka inakuwa bonge moja la manyoya lenye mikia kumi na kitu inayoelekea chini. Asubuhi jua likipatikana wanaachana, wanajitundika matawini, miguu imeshika juu usawa wa mabega, matumbo wameyaelekeza kwenye jua, na hawatikisiki. Vidole vyao vyote vinne vinaweza kugeukia mbele, ndiyo maana wanaweza kuning'inia muda mrefu namna ile. Na tumbo wanaloanika lina kazi: pasa anakula majani pamoja na matunda, majani ni magumu kusagika, na joto la jua linamsaidia kuchachusha kilichomo.

Mwaka juzi, Julai pia, alikuja kunitembelea Elibariki, mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka tisa. Nikamwamsha mapema tukawaone. Ilikuwa saa moja kasoro, ukungu, mwanga hafifu. Bonge lilikuwepo, tawi la chini, ningeweza kuligusa kwa ufagio. Nikampa simu apige picha, ikatoka nyeusi tupu. Akapiga tena, nyeusi. Basi nikanyoosha mkono nikatikisa tawi ili wageuze vichwa.

Bonge likapasuka. Wengine walijirusha kwa shida mpaka kwenye uzio wa michongoma, wanapiga mabawa kama yaliyolowa. Mmoja akadondoka kwenye nyasi, puu, akalala ubavu.

Nikamwokota. Nimefuga kuku tangu utoto. Kifaranga ukimshika unahisi joto kiganjani papo hapo. Huyu alikuwa wa baridi kama kitu kilichotolewa ndani ya ndoo ya maji. Macho nusu wazi. Kucha zake zikajikunja kwenye kidole changu taratibu, taratibu sana, na moyo nikauhisi kwa mbali.

"Mama mdogo, amekufa?"

"Hajafa."

"Mbona hasogei?"

Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye nilisoma. Usiku wa baridi, hasa akiwa na njaa, pasa anaweza kuliacha joto la mwili lishuke, akaingia katika usingizi mzito ambao moyo na pumzi vinapungua mwendo, ili akiba ya chakula imfikishe asubuhi. Kujibandika kwa wenzake ni sehemu ya mpango huo huo: mwili uliozungukwa na miili unapoteza joto kidogo. Asubuhi anahitaji muda wa kurudi. Mimi nilikuwa nimewatawanya kabla ya muda huo, kwa ajili ya picha.

Nilitandika vipande vya flaneli ndani ya boksi la nyuzi, nikamweka humo, nikaliweka boksi juu ya ukuta wa bafu upande wa mashariki, na Elibariki akakaa chini yake kumlinda na paka. Nilichelewa kufungua kibanda siku hiyo. Wingu lilipasuka saa nne na robo. Kwanza alisimamisha kishungi. Kisha akapanda ukingo wa boksi kwa mdomo na miguu, akajitundika hapo hapo, tumbo juani, huku mtoto na mimi tumebana pumzi. Robo saa nzima alining'inia hivyo. Halafu akaruka moja kwa moja hadi kwenye mpapai.

Tangu siku ile sisogei. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya miezi ya baridi, na huwaambia wote wanaoniomba twende pamoja. Ndege wa Julai asubuhi ana hesabu ya kubana: alicholala nacho tumboni, alichotumia usiku, alichobakiwa nacho mpaka jua litoke. Ukimrusha mara moja umemla senti zake. Ukimrusha mara tatu kwa kuwa hukupata picha, umemwachia deni. Mwenye darubini hana haja ya kusogea, na asiye nayo akae chini atulie. Baada ya nusu saa ndege wenyewe wanamkaribia.

Darubini yangu niliipata soko la Memorial, kwenye meza ya mitumba, katikati ya mikanda na viatu. Kioo kimoja kina mkwaruzo. Inanitosha.

Katika miezi hii hii nimejifunza kuyatazama manyoya kwa jicho la kazi yangu. Mteja akitaka koti la baridi anadhani unene wa kitambaa ndio joto. Siyo. Joto linakaa kwenye hewa iliyonaswa kati ya kitambaa na bitana, ndiyo maana blanketi lililojaa pamba laini linamshinda turubai zito. Ndege analijua hilo kuliko fundi yeyote. Tazama njiwa juu ya bati asubuhi, amejitutumua hadi amekuwa mpira: hajanenepa, ameyanyanyua manyoya ya juu ili hewa ikae kwenye malaika ya ndani. Mdomo ameuficha mgongoni. Mguu mmoja ameukunja ndani, kwa sababu mguu hauna manyoya na unavuja joto. Na jioni utamwona anajipekua, unyoya kwa unyoya, akichukua mafuta kwenye kitezi kilicho juu ya shina la mkia na kuyapaka mwilini, maana koti likilowa hadi ndani hewa inatoka na baridi inaingia.

Kaka yangu ni mgumu, anabeba mizigo ya watalii mlimani, na nimemgeuza mjumbe wangu. Huniambia habari za Horombo, kambi ya wapanda Kilimanjaro iliyo mita 3,720, ambako asubuhi maji yaliyokaa katikati ya majani ya lobelia yana ganda la barafu. Mmea ule hufunga majani yake usiku kama ngumi ili kichipukizi kisigande, na jua likitoka unafungua. Hapo anakuja chozi wa mlimani, dume wa kijani kinachometa mwenye vishada vyekundu pembeni mwa kifua, anachomeka mdomo wake mrefu kwenye maua na kuokota wadudu humo humo. Ndege mdogo kiasi hicho, kwenye baridi inayowaliza watu wazima! Kaka mwanzoni alikuwa akiniletea habari za kunguru wa shingo nyeupe tu, kwa kuwa wanamwibia mkate. Siku hizi anatazama maua.

Sasa nifike Chekereni, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Jumapili ambayo siendi ibada ya kwanza, naondoka na bodaboda saa 12 kamili, tunapita Mabogini, tunashuka kwenye majaluba. Mradi ule wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulijengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na maji yake yanatoka mito ya Rau na Njoro. Watu wanauona kama mpunga tu. Kwa ndege ni ziwa lenye kina cha kifundo cha mguu, lililokatwa vipande vipande kwa matuta, na kila kipande kina saa yake: huku wanapandikiza, kule mpunga umefika magotini, kwingine wameshavuna na maji yamebaki na vyura wake. Mwenye mguu mfupi anapata pake, mwenye mguu mrefu anapata pake.

Ninavaa gambuti, sweta mbili na shuka la Kimasai, nabeba chupa ya chai ya tangawizi. Nakaa kwenye tuta moja tu, siku zote lile lile, pale mfereji wa kutolea maji unapopotelea kwenye kona ya matete na mafunjo. Kwanza husikii kitu zaidi ya maji. Halafu kwarara wanapita juu wakipiga kelele. Fundichuma anaanza kuchezesha miguu kwenye tope ili vyura wastuke. Yangeyange wanafika wakiwa kundi, wanasimama wamejikunyata, shingo zimezama mabegani, hadi jua liwaguse.

Na katikati yao, mwaka mmoja wa nyuma, alikuwepo mmoja wa kahawia.

Katika jamii yake, koikoi, ambao ni ndugu wa yangeyange, tunaye mwingine wa kwetu anayefanana naye, mdogo, mwenye michirizi, anayesimama kwenye nyasi usimwone. Nikadhani ni huyo. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa, kama vile nguo iliyokatwa kwa patani ile ile na fundi mwingine. Mgongo wake ulikuwa mweusimweusi wa kahawa iliyokaangwa sana. Michirizi ya kifuani ilikuwa minene, imepigwa kwa brashi pana, wakati ya yule wa kwetu ni myembamba kama mshono wa mkono. Mdomo mzito zaidi. Nilichora kwenye daftari, nyuma ya vipimo vya suti ya mtu, na wiki iliyofuata nikamwonyesha kijana mmoja mwongoza watalii kutoka Arusha aliyekuja kupunguza suruali. Akaitazama ile michoro muda mrefu. "Dada, huyu ni wa Madagaska."

Tangu hapo namwita koikoi wa Madagaska. Yeye hazaliani kwetu. Anazaliana Madagaska na visiwa jirani, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, na wakati huo anakuwa mweupe mwili mzima, mdomo wa bluu. Msimu ukiisha anavaa koti la kahawia, anavuka bahari, ambayo hata penye wembamba zaidi kati ya kisiwa na Msumbiji ni kilomita 400 na ushee, anakuja Afrika Mashariki kati ya Mei na Oktoba. Yaani anakuja hasa miezi ambayo sisi tunalalamikia baridi na mbayuwayu wako Ulaya. Huyu ndiye mgeni wetu wa Julai. Amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, kwa kuwa huko kwao mayai na makinda yake yameokotwa sana kwenye makoloni, na mabwawa yake yamekauka au yamegeuzwa mashamba ya mpunga.

Mpunga ndio uliomnyang'anya kwao, na huku nilimkuta pembeni ya mpunga. Jambo hilo limenikaa rohoni na silioni kuwa jepesi.

Nimemtazama kwa karibu asubuhi moja ya Agosti, hatua kama kumi na tano. Alikuwa amesimama kwenye maji ya mfereji, mguu mmoja. Nilitia kidole kwenye maji yale nikakitoa haraka. Yeye alikuwepo humo tangu kabla sijafika. Inawezekana kwa sababu ndani ya mguu wa ndege kama huyu mishipa inayoshusha damu ya moto imelala bega kwa bega na inayopandisha damu iliyopoa. Ile ya kushuka inaikabidhi ya kupanda joto lake njiani, kwa hiyo damu inayofika wayoni imeshapoa, na joto limerudi mwilini kabla ya kupotea majini. Alikaa hivyo dakika arobaini. Samaki mdogo alipopita aliinyoosha shingo, ambayo sikujua ni ndefu kiasi kile, akachoma, akameza, akaikunja tena.

Kisha mtoto mmoja kwa mbali akapiga debe kufukuza kwelea kwelea, naye akaruka. Nilikuwa nimesoma kwamba mabawa yake ni meupe. Kusoma hakukuniandaa. Ndege wa kahawia aliyekuwa haonekani kwenye tope alifunguka akawa mweupe wote, mweupe wa kitani kipya, akapita juu ya mafunjo, akatua, akafunga, akawa kahawia tena. Nimeshona makoti mengi. Sijawahi kushona bitana iliyonishtua namna ile.

Lazima niseme na habari ya kwelea kwelea, maana hapo ndipo penye uzito. Jaluba linalopakana na kona yangu ni la mzee mmoja ambaye familia yake inaishi kwa mpunga huo. Mpunga ukianza kukomaa yeye na wajukuu wanaamia ndege kutwa nzima, kwa madebe, kwa teo, kwa utepe wa kaseti uliofungwa kutoka kijiti hadi kijiti. Kundi la kwelea kwelea likishuka halibakizi. Nao hulala kwenye matete. Kwa hiyo mwaka uliofuata nilipofika na chai yangu nikakuta matete yote yamefyekwa na kuchomwa, kona imekuwa jivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Leo huna pa kujificha."

Nilikaa kwenye tuta lile hadi saa tatu. Koikoi hakuja, wala Jumapili iliyofuata, wala msimu wote. Niliumia, nasema wazi. Lakini ningemwambia nini mtu ambaye magunia yake yanaliwa mbele ya macho yake? Nilimweleza juu ya ndege wa Madagaska, alikosafiri, idadi yao inavyopungua. Alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama anakula mpunga. Nikamwambia anakula samaki, vyura na wadudu. Akasema, "Basi huyo hana kesi na mimi," akarudi kupiga debe.

Mvua za masika zilizofuata, ukingo wa mfereji pale penye jivu ukamomonyoka. Maji yalikula tuta, yakaingia kwenye jaluba lake na mchanga. Mizizi ya matete ndiyo iliyokuwa imeushika udongo. Akayaacha yaote tena kwenye ukingo, upana wa kama hatua sita, na sehemu ya nyuma anafyeka mpunga ukikaribia kukomaa. Hakufanya kwa ajili ya ndege. Alifanya kwa ajili ya tuta lake, na kwangu inatosha kabisa. Nawaomba wenye majaluba mengine waliangalie tuta hilo wakipita.

Jumapili iliyopita nilifika 12:35. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia mzee kabla ya kumwona. Amenijengea kiti cha gogo, hakusema kitu, alinionyesha tu kwa kidole. Nikakaa, nikajifunika shuka hadi masikioni. Nyuma ya daftari, chini ya vipimo vya sare za watoto wawili wa shule, nimeandika hivi:

Chekereni, kona ya matete. Saa 1:20. Yangeyange 14, wamejikunyata. Fundichuma 1. Kahawia, mgongo wa kahawa, michirizi minene: 1. Mguu mmoja majini. Hakuruka.